Amana ya Ganza

SURA YA TISA

Mtu akihama nyumba kwa hofu hubeba cha thamani na kuacha takataka. Hawa walifanya kinyume. Waliacha masufuria mekoni, kuku bandani na magodoro sakafuni, wakatoweka usiku. Lakini kabla ya kutoweka walikifagia chumba kimoja cha nyuma, wakakifunga kwa ufunguo kama wenye nia ya kurudi. Chumba hicho ndicho kilichomkosesha Inspekta Mukunde usingizi.

Asubuhi hiyo, huko Gahanga, aliukata utepe wa njano aliokuwa ameubandika juzi kwa mikono yake mwenyewe, akausukuma mlango. Rafu za mbao zilipanda toka chini hadi darini, na juu yake vilikaa vifuko vya kitambaa cheupe, vimeshonwa midomo, kila kimoja na kijikaratasi chake cha jina na tarehe. Hapakuwa na vumbi. Chini ya dirisha palikuwa na meza ndogo, kiti kimoja na mtungi wa udongo uliojaa mchanga.

Walijiita Jumuiya ya Amana. Kiongozi wao, Ntare, aliwafundisha kwamba kila binadamu ana kitu anachokitegemea kuliko anavyomtegemea Mungu. Siku ya kujiunga ulikitoa kitu hicho, kikashonwa, kikawekwa rafuni hadi siku ya mwisho, ambapo kila mtu angemwonyesha Muumba alichokiacha. Kikishashonwa hakifumuliwi, na hakipotei. Majirani waliwaona watu wapole, wanaolima vizuri na kufika kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, kabla hawajaitwa, na mtu mpole nani atamuuliza maswali?

Aliyeuliza ni Mugeni. Mumewe, Benon, alikuwa amemchukua mtoto wao Ganza, mwenye miaka sita na kisukari cha kuchomwa sindano kila siku, akaenda naye kwa hao wapole. Alipofika ofisini kwa Mukunde hakulia. Aliweka picha ya mtoto mezani na kusema, "Nitafutieni huyu. Baba yake mtamtafuta baadaye." Polisi walipofika Gahanga, walikuta kuku.

"Tunaanzia wapi, Afande?" aliuliza Kenny, kamera shingoni. Alikuwa amekulia Kampala na kila kitu kwake kilikuwa cha kumalizwa haraka.

"Chini. Tunapanda."

Sheria ilitaka shahidi wa mtaa kwenye upekuzi, na mudugudu, yaani uongozi wa mtaa, ulikuwa umemteua Mzee Révérien, mwalimu mstaafu, mpangaji wa chumba cha ng'ambo ya njia. Wala hawakumtafuta; walimkuta getini tangu mapambazuko, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote. Alikulia Buyenzi, Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Kitu cha kwanza alichofanya alipoingia ni kuyamimina mchangani mle mtungini maji ya chupa aliyoishika.

"Mchanga ikikauka inaleta vumbi, Madamu," alieleza. "Na vumbi iko mbaya kwa karatasi."

"Mzee, humu usiguse chochote bila mimi kukuambia."

"Pardon, Madamu."

Wakaanza. Kenny alipiga picha, Mukunde akakata uzi kwa mkasi, akatoa kilichomo, akasoma kijikaratasi kwa sauti. Viatu vya harusi. Simu. Cheti cha chuo kikuu. Wigi. Leseni ya udereva. Meno ya bandia, na hapo Kenny alilazimika kugeukia ukuta acheke. Mukunde hakucheka. Kila kifuko kilimfanya amwone mtu aliyesimama hapa akivua kitu, na mwingine akimshonea.

Simu ikaita. Alikuwa Rutayisire, mkuu wake wa kazi.

"Mukunde, achana na matambara. Gari la Ntare limeonekana Kagitumba, mpakani. Na zile tiketi za basi zilizookotwa jikoni ni za Kampala. Watu wako wamevuka."

"Gari la Ntare lilikuwa na nani ndani?"

"Ntare."

"Peke yake?"

"Peke yake. Wengine wamepanda basi. Mambo ya tiketi hayo."

"Afande, tiketi zilizobaki jikoni ni za watu ambao hawakupanda," alisema Mukunde. "Mwenye kupanda basi huenda na tiketi yake."

"Nitakupa mpaka mchana," alisema Rutayisire, akakata simu.

Mukunde alirudi rafuni. Mikono ilikuwa imeanza kutoka jasho ndani ya glovu. Alikuwa mtoto wa wakimbizi, amezaliwa Karagwe, na mama yake alikuwa na msemo mmoja tu wa kumtuliza: polepole ndio mwendo. Leo msemo huo ulimuudhi. Mtoto wa kisukari hana polepole.

Katika rafu ya katikati alikiona. *Ganza, mwana wa Benon. Machi.*

Alikikata mdomo na kukimimina juu ya meza. Vikatoka vichupa vya insulini, mabomba ya sindano, na kadi ya kliniki yenye picha ya mtoto asiye na meno mawili ya mbele. Kenny aliguna. Mukunde alikiinua kichupa kimoja, akakielekeza dirishani. Kilikuwa kitupu. Cha pili, kitupu. Mpira wa kifuniko ulikuwa umetobolewa na sindano hata ukawa kama chekeche. Na mabomba yote yalikwisha tumika.

Alimpigia simu Mugeni.

"Mama Ganza, vichupa alivyoondoka navyo vilikuwa vizima au vilivyokwisha?"

"Vizima. Nilikuwa nimetoka kuchukua vya miezi mingi. Umempata?"

"Bado. Akikosa sindano anakaa muda gani?"

"Siku ya pili anatapika, Inspekta. Ya tatu... Lakini Benon aliniambia amepona. Pasaka nilimwona, amenenepa, anacheza mpira. Mungu anisamehe, hata mimi nilianza kuamini."

Mukunde aliweka simu mezani, akamwachia Kenny vifuko vya rafu za juu avikate, akaketi kwenye kile kiti kimoja. Kijikaratasi kilisema Machi. Sasa ilikuwa Agosti. Majirani wote waliohojiwa walisema wiki iliyopita Ganza alikuwa akifukuzana na kuku uani. Mtoto wa namna ile hawezi kuishi miezi bila dawa, imani iwe nene namna gani. Basi alikuwa akichomwa. Kuna mtu aliyekuwa akikifumua kifuko hiki kisiri, anamchoma mtoto, kisha anarudisha vichupa vitupu ndani na kushona upya. Mwizi mwingine yeyote angevitupa chooni na kumaliza ushahidi. Lakini amana haipotei. Mtu huyu alithubutu kuivunja amri ya kufumua, akashindwa kuivunja amri ya kutupa.

Akavisogeza vifuko viwili vilivyokatwa, cha Ganza na cha yule mwenye meno. Cha meno kilishonwa kwa uzi mmoja unaokwenda bila kukatika, kama mama anavyoshona mto. Cha Ganza kilikuwa na vifundo vidogo vidogo, kila mshono umefungwa peke yake na kukatwa. Mukunde alipandisha mkono wa shati. Chini ya kiwiko alikuwa na kovu la panga la mlevi mmoja wa Nyamirambo, na alama za nyuzi za hospitali zilikuwa bado zikionekana pande zote mbili, kila moja kivyake.

Ni hapo alipoogopa. Kama dawa ilikuwa ikitoka humu, basi tangu juzi haikutoka. Mlango ulikuwa na utepe wa polisi, na utepe aliubandika yeye. Alikuja kumwokoa mtoto, kumbe alikuwa ameifungia dawa yenye uhai wake.

Na mtu aliyehitaji kuingia humu angefanya nini? Angezunguka. Angesubiri. Angekuwa getini tangu mapambazuko.

Hakuinua macho haraka. Alitoa sindano na uzi kwenye mkoba wa vielelezo.

"Mzee Révérien, utaratibu ni kwamba kila kifuko tulichokifungua kifungwe mbele ya shahidi. Mikono yangu inatetemeka leo. Nisaidie hicho cha meno."

"Bila shida, Madamu."

Mzee alivaa miwani, akakivuta kiti alichopishwa na Mukunde. Alipenyeza sindano, akavuta uzi, akauzungusha mara mbili kwenye vidole, akakaza fundo, akakata. Akapenyeza tena. Alishona kwa haraka na kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi aliyoifanya maisha yake yote, na alipofika katikati Mukunde aliweka kifuko cha Ganza kando ya kile.

Vidole vya mzee vikasimama.

"Ulifundisha somo gani, Mwalimu?" aliuliza Mukunde.

Révérien alivitazama vifuko viwili. Kisha akavua miwani, polepole sana, na alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

"Sikufundisha. Nilikuwa infirmier, muuguzi. Miaka mingi, wodi ya upasuaji."

"Na kwenye Jumuiya?"

"Mtunzaji. Hizi zote niko nazishika mimi."

"Ganza yuko wapi?"

"Madamu, kwanza dawa." Alikwenda kwenye mtungi, akapiga goti, akachimba mchanga ulioloa kwa vidole viwili, akatoa kichupa kilichojaa. Hakukitikisa. Alikizungusha katikati ya viganja, taratibu, kama anayefinyanga tonge. "Mchanga ya maji inaiwekea baridi. Hii ndiyo ya mwisho. Usiku tunahama nilibeba ile ilikuwa imefunguliwa, nikasema kesho nitarudia ingine. Nikafika hapa kesho yake, nikakuta utepe. Ile ya mkononi imekwisha siku ile ile."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi? Tangu asubuhi tumesimama hapa tunahesabu viatu!"

"Nilikuwa nafikiri nitaiba kimoja tu, niende. Nikikuambia, utaleta polisi mlangoni, na Benon atakimbia na mtoto porini. Namjua Benon."

"Wapi, Mzee?"

"Ndera. Nyumba mpya, haijaisha. Nyuma ya shamba la mahindi."

Mukunde alikuwa ameshapiga simu kwa Rutayisire. "Wako Ndera, Afande. Nahitaji ambulensi yenye mtu anayejua kisukari cha watoto. Ije bila king'ora."

"Na kama umekosea?"

"Nikikosea nitaandika barua ya kujieleza. Tukichelewa tutaiandika wote wawili."

Kutoka Gahanga hadi Ndera ni kuuzunguka mji. Kenny aliendesha kama aliyeahidiwa zawadi, akipenya katikati ya pikipiki, na walipokwama Giporoso nyuma ya lori la saruji Mukunde alijikuta akilisukuma lori kwa miguu yake miwili juu ya zulia la gari. Mzee alikuwa nyuma, kichupa kimefungwa kwenye leso yenye maji. Ili asiwaze kuhusu saa, Mukunde aliuliza lililokuwa likimwasha.

"Rafu za chini hakuna dawa hata moja. Kuanzia kifuko cha Ganza kwenda juu ni dawa tupu. Presha, kifafa, pumu. Kwa nini?"

Révérien aliigeuza leso mapajani, lori likasogea.

"Ntare alimsimamisha mtoto mbele ya watu, dimanche moja, kwa ibada ya Jumapili," alisema. "Akasema, mtazameni huyu, mwezi mzima bila sindano. Mtoto akaruka ruka. Watu wakalia. Wiki hiyo nilishona mpaka vidole ikavimba."

"Na wewe ulikuwapo aliposema hivyo."

"Mstari wa mbele."

"Ukanyamaza."

"Nikisema, wanamkataza sindano, anakufa wiki ile ile. Nikinyamaza, anaishi. Nilifanya hesabu ya mtu mmoja, Madamu. Wale wengine sikuwahesabu."

Kenny alimtazama kwenye kioo, akaongeza mwendo. Mukunde alitaka kumchukia mzee huyu na hakuweza, na hilo lilimkera zaidi.

Nyumba ilikuwa na mabati mapya na madirisha yasiyo na vioo, yamezibwa kwa mifuko ya saruji. Ambulensi ilikuwa imesimama nyuma ya mahindi. Révérien alikwenda mbele peke yake, akapiga mlango kwa kiganja, akasema neno moja. Ulipofunguliwa, Mukunde alikuwa tayari mgongoni mwake.

Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wameketi juu ya mikeka, wake kwa waume, midomo imekauka, wakimngoja Ntare aliyewaambia wangoje. Walimtazama askari kama watu wanaotazama mvua. Hapo ndipo Mukunde alipoona ni kitu gani hasa amekuwa akikiogopa. Hakuwa akiwaogopa wakali. Alikuwa akiuogopa utulivu huu.

Benon alikuwa pembeni, mtoto mapajani. Alikuwa kijana mwenye sura nzuri, na alitabasamu.

"Msimwamshe," alisema kwa upole. "Amelala tangu asubuhi. Jana alikuwa na homa kidogo, tumemwombea, imetulia."

Mukunde alipiga magoti. Ganza hakuwa amelala. Alipumua kwa kina na kwa kasi, kama aliyetoka kupanda kilima, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyooza. Alimgusa shavu. Kichwa kikaanguka upande.

"Mpe Mzee Révérien," alisema.

"Huyu ni ushuhuda wa Jumuiya. Hatachomwa."

"Benon," alisema Révérien. "Alikuwa anachomwa. Kila asubuhi, mkienda kuchota maji. Mimi ndiye nilikuwa namchoma."

Tabasamu lilibaki usoni kwa Benon kwa muda, likiwa halina pa kwenda. Alimtazama mzee, akamtazama mtoto, kisha taratibu akaipandisha fulana ya Ganza. Kwenye tumbo, kuzunguka kitovu, palikuwa na vidoti vidogo vya zamani na vipya. Alikuwa amemwogesha mtoto huyu mara ngapi? Mukunde aliona swali hilo likipita machoni mwake, na akaona jibu pia: alikuwa ameviona, na akachagua kuamini kwamba ni alama za viroboto.

Mikono ya Benon ililegea. Mukunde alimbeba mtoto akatoka naye mbio, na watu wa ambulensi wakampokea mlangoni. Mwuguzi, mwanamke aliyeitwa Uwineza, alipata mshipa kwa jaribio la kwanza. Dripu ikaanza kudondoka. Mukunde alisimama akiyahesabu matone bila kujua kwamba anayahesabu, mpaka Uwineza aliposema, "Tumemuwahi, Afande. Yuko mbali lakini tumemuwahi." Kisha kope za Ganza zikacheza, na akasema kwa sauti ya mchakacho, "*Amazi*." Alitaka maji. Mukunde alimpigia Mugeni simu, akamwekea masikioni neno hilo moja, na upande wa pili mwanamke ambaye hakulia ofisini alilia.

Ambulensi ya pili ilifika kwa ajili ya wengine. Walitolewa mmoja mmoja: mwenye pumu, msichana wa kifafa aliyekuwa ameuma ulimi. Wa mwisho alikuwa mwanamke wa makamo aliyetolewa kwa machela kutoka chumba cha ndani, upande mmoja wa uso umeshuka na mkono wa kushoto umelala kando yake bila kazi. Kiharusi, alisema Uwineza, na si cha leo. Akapima presha, akatikisa kichwa, akaandaa sindano.

Mwanamke aliuficha mkono wake mzima chini ya kitenge.

"*Oya*, hapana," alisema kwa mdomo uliopinda. "Ganza hakuchomwa, akapona. Mimi nafuata njia ya mtoto."

Mukunde aligeuka kumtafuta mtu wa kumbembeleza, na akamwona Révérien amekwisha kupiga magoti kando ya machela, koti la kijivu limegusa matope.

"Mukantwari," alisema mzee. "Mke wangu. Nilikuambia mwezi wa tano, nakuambia tena. Hapakuwa na muujiza. Nilikuwa mimi, na sindano. Toa mkono."

Mukantwari alimtazama kwa jicho lake zima, kwa huruma nyingi. Akautoa mkono kwenye kitenge, na Uwineza akasogea haraka. Lakini mkono ulipita, ukatua juu ya kichwa cha mumewe, ukampapasa nywele za mvi.

"Maskini mume wangu," alisema. "Shetani hajakuacha bado." Kisha akaurudisha mkono ndani ya kitenge, akaukaza.